Kwa nini wanandoa hugombana kwenye malango ya mfereji na si penginepo?

Mwalimu wa Pangani
Salaam, wanajukwaa. Mimi na mke wangu tuna miaka 31 ya ndoa. Julai iliyopita binti yetu anayefanya kazi Toulouse alitualika, nasi tukakodi chombo kwa majuma mawili katika Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa. Tuliondoka Castelnaudary, tukashuka hadi karibu na Béziers, kisha tukarudi tulikotoka. Ufaransa inamruhusu mtu asiye na leseni kuendesha chombo cha kukodi baada ya kupewa maelekezo mafupi gatini, na mwendo katika mfereji ule hauruhusiwi kuzidi kilometa 8 kwa saa. Mtu aliyevaa viatu vizuri anaweza kukipita chombo chetu akiwa ukingoni.

Kwa wasiofahamu, mfereji hupanda na kushuka ardhi kama ngazi. Chombo huingia katika chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, milango hufungwa, maji huingizwa au hutolewa, na chombo hupanda au hushuka pamoja nayo. Chumba hicho mimi nakiita lango.

Tuligombana, na kila ugomvi ulitokea langoni. Baina ya Argens na Béziers mfereji unakwenda kilometa 54 bila lango hata moja, na katika kilometa hizo zote, tukila, tukilala na kupitia chini ya mlima kwenye njia ya Malpas iliyochimbwa mwaka 1679, hatukupishana kauli. Tuliporudi Argens, kwenye lango la kwanza tu, sauti zikapanda. Jioni nilizungumza na majirani zetu wa gatini, Wadenmaki, Wajerumani na Waingereza, na kila mmoja alikiri kwamba yamemkuta hayo hayo. Naomba anayejua sababu anieleze, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu tuliporudi.

Dafrao
Shikamoo, Mwalimu. Nilifanya kazi bandarini Kilindini, na kabla ya kujibu naomba tuelewane kwa maneno. Lango ni ile milango yenyewe. Chumba cha maji kilicho baina ya milango ningekiita birika, kwa sababu ndivyo kilivyo: birika kubwa la mawe linalojazwa na kumwagwa. Sasa swali langu: mligombana mkishuka au mkipanda? Kushuka na kupanda ni kazi mbili zisizofanana kabisa.

Mwalimu wa Pangani
Marahaba, Dafrao. Birika nalikubali. Tuligombana kote kuwili. Mara ya kwanza ilikuwa siku ile ile tuliyoondoka, tukishuka kwenye mabirika manne yanayofuatana ya Saint-Roch, pale Castelnaudary. Mke wangu aliifunga kamba kwenye nguzo ilhali kamba inapaswa kushikwa kwa mkono na kulegezwa kidogo kidogo kadiri maji yanavyoshuka. Chombo kikaanza kuning'inia kwa kamba yake, kikainama upande, na mlinzi wa lango ikabidi afunge maji kwa haraka.

Mhandisi wa Mabwawa
Mwalimu, mimi naona sababu iko kwenye jiwe na si kwenye ndoa. Mabirika mengi ya Canal du Midi hayana kuta zilizonyooka. Yametuna katikati kama yai. Mhandisi wake, Pierre-Paul Riquet, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1666, aliyajenga hivyo baada ya ukuta ulionyooka wa birika moja la mwanzo kubomoka. Ukuta uliopinda hulihimili shinikizo la udongo kama tao lililolazwa ubavu. Umbo hilo limeziokoa kuta kwa zaidi ya miaka 300, lakini linamtesa nahodha, kwa sababu chombo hakipati ukuta wa kuegemea kwa urefu wake wote. Omo, yaani mbele ya chombo, inagusa; tezi, yaani nyuma yake, inaelea. Mnapopanda, maji yanaingia kwa nguvu kutoka upande wa juu, yanazunguka ndani ya lile yai na kukisukuma chombo katikati au kukitupa ukuta wa pili. Watu wawili wenye kamba mbili hawawezi kukituliza wasipovuta kwa pamoja. Jengeni mabirika yaliyonyooka na ugomvi utakwisha.

Mkunazi wa Dijon
Naongeza na kusahihisha. Riquet hakuwa mhandisi kwa kazi. Alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, na alitia mali yake mwenyewe katika mfereji huo. Alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla ya kufunguliwa mwaka 1681.

Kuhusu umbo nakubaliana na Mhandisi. Mume wangu nami tulipita Canal de Bourgogne mwanzo hadi mwisho, kilometa 242 zenye mabirika 189. Huko mabirika yamenyooka, yamejengwa kwa kipimo kilichowekwa na sheria ya mwaka 1879, mita 39 kwa 5.2. Chombo kinakaa ukutani kama kitabu rafuni. Tulizozana kuhusu fedha, kuhusu shemeji yangu na kuhusu mkate, lakini si kuhusu kamba.

Mtoto wa Lamu
Samahani, Dada Mkunazi na Mhandisi, lakini hoja ya yai inavunjika ukivuka bahari. Mimi naishi Birmingham, mji wenye mifereji mingi. Mabirika ya mifereji myembamba ya huku yana upana wa kama mita 2.1 tu, na chombo chenyewe kinakaribia upana huo huo, kwa hiyo hata ukitaka kigeuke hakina pa kugeukia. Hakuna yai, hakuna kuzunguka. Nimekaa ukingoni nikala chakula changu cha mchana mara nyingi, nami nawahakikishieni kwamba wanandoa wanagombana hapo kwa bidii ile ile. Tena huku wasafiri hufungua vilango vya maji wenyewe kwa mkono wa chuma wanaotembea nao, na mara nyingi hakuna mlinzi wa kuwaamua.

Mhandisi wa Mabwawa
Mtoto wa Lamu, nakubali kwamba yai peke yake halitoshi. Hata hivyo, huko wanagombania nini hasa? Kama wanagombania mkono wa chuma na zamu ya kusukuma milango, huo ni ugomvi mwingine uliotokea mahali pamoja na huu wetu.

Mkaazi wa Rotterdam
Nimefanya kazi miaka sita kwenye tishari za mizigo kati ya Rotterdam na Basel. Katika mito ya huku, tishari nyingi zimeendeshwa na mume na mke kwa vizazi. Mmoja yuko kwenye usukani, mwingine kwenye kamba, na watoto walipofika umri wa kusoma walipelekwa shule za bweni zilizowekwa kwa ajili ya watoto wa mabaharia wa mitoni. Ukifika Conflans-Sainte-Honorine, pale mto Oise unapokutana na Seine, utaona tishari zimefungwa ubavu kwa ubavu, na mojawapo, ya zege, imekuwa kanisa lao tangu mwaka 1936. Wanandoa hao wanapita mabirika maelfu katika maisha yao, na sikuwahi kusikia mmoja akimpigia mwenzake kelele.

Sababu ni kwamba hawasemi chochote. Wana ishara za mkono. Mkono juu, ngumi, kiganja chini, basi. Mwenye usukani amekaa juu ya injini na mwenye kamba yuko hatua kumi au ishirini mbele yake. Anayetegemea sauti lazima aipandishe, na sauti iliyopandishwa ili isikike humfikia mwenzako kama sauti ya hasira. Naye anajibu kwa sauti ya kiasi hicho hicho. Ugomvi umeanza bila mtu yeyote kukasirika.

Binti Kizimkazi
Naheshimu hoja ya Kaka wa Rotterdam, ila naona imeliruka jambo kubwa. Nani anashika usukani? Nilikaa majira mawili ya joto kwenye nyumba iliyo kando ya mfereji karibu na Leuven, na katika vyombo vya watalii niliona karibu kila mara mume yuko kwenye usukani, kivulini, na mke yuko omo na kamba. Mkipanda, mke anashuka kwenye ngazi kabla ya birika, anapanda juu ya ukingo, anasubiri kamba irushwe, inamkosa, inaanguka majini, inarushwa tena ikiwa imelowa. Kazi yote inayoonekana iko mikononi mwake, na amri zote zinatoka kwa aliyekaa. Yeyote angechukia.

Kuna pia macho ya watu. Birika wakati wa Julai ni kama baraza: watalii wamejipanga ukingoni, wenye baiskeli wamesimama, watoto wananyosha vidole. Sisi tulilelewa kwamba neno la mume na mke halitoki nje ya mlango wa chumba. Kukaripiwa kidogo mbele ya watu arobaini usiowajua kunauma kuliko kukaripiwa sana jikoni kwenu.

Bibi wa Pangani
Mimi ndiye mke anayezungumzwa. Binti yetu amenionyesha uzi huu, nami nimeusoma wote kwa utulivu. Nawashukuru mnaotafuta sababu, ila lazima nisahihishe jambo moja. Pale Saint-Roch niliifunga kamba kwa sababu niliambiwa niifunge. Niligeuka nikamwona Mwalimu amenyosha mkono, nikasikia neno "funga" waziwazi. Nilikuwa nimeelezwa gatini asubuhi kwamba kamba haifungwi wakati wa kushuka, nikashangaa, lakini nilidhani yeye ameona jambo nisiloliona. Nikafunga.

Mwalimu wa Pangani
Nilisema "usifunge". Nalikumbuka neno hilo kama ninavyolikumbuka jina langu.

Dafrao
Basi hapa ndipo penyewe! Mmoja amesema "usifunge", mwingine amesikia "funga", na wote wawili ni wakweli. Katika Kiswahili katazo letu linakaa mwanzo wa neno. Injini ikimeza ile "usi", kinachobaki ni amri iliyo kinyume cha ulichotaka. Bandarini tulijifunza kutotoa katazo lolote mbele ya kamba. Tulitumia maneno manne tu: shika, vuta, legeza, achia. Mwalimu angesema "legeza", chombo kisingening'inia hata kidogo.

Mkunazi wa Dijon
Lakini Dafrao, "usifunge" inaishia na "e" na "funga" inaishia na "a". Mke wa mwalimu angesikia tofauti hiyo.

Dafrao
Angeisikia sebuleni, Dada. Juu ya injini ya dizeli, na maji yanatoka chini ya milango, irabu ya mwisho ndiyo ya kwanza kupotea.

Mtoto wa Lamu
Hoja ni nzuri na nimeiandika. Ila Mwalimu alitueleza kwamba Wadenmaki nao waligombana, na hao hawasemi "usifunge".

Mkaazi wa Rotterdam
Kila lugha ina mtego wake, Kaka. Ndiyo maana narudi kwenye mkono.

Shamba la Iringa
Habari zenu. Mimi ni mtu wa misitu, na nashangaa hakuna aliyetaja jua. Kando ya Canal du Midi kulikuwa na miplatani ipatayo 42,000 iliyoufunika mfereji kwa kivuli. Mwaka 2006 iligundulika kwamba kuvu limeingia, lile linaloaminika kufika Ulaya na masanduku ya risasi ya mbao ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mti ulioambukizwa hufa ndani ya miaka michache, na hakuna dawa. Unakatwa na kuchomwa moto, maana kuvu husafiri kwa maji, na hata kwa kamba ya chombo kilichofungwa kwenye shina. Sehemu ndefu sasa ziko wazi kabisa, na miche ya aina nyingine bado ni midogo. Mnasimama kwenye jua la Julai, kwenye birika la mawe, mkisubiri zamu. Kivuli alichokipanda Riquet kimeondoka, na subira imeondoka nacho.

Mkunazi wa Dijon
Hoja ya jua naipokea, ila miplatani haikupandwa na Riquet. Mingi ilipandwa karne ya 19. Wakati wake kingo zilipandwa miti mingine.

Bibi wa Pangani
Shamba la Iringa, umenena kweli. Karibu na Trèbes, kwenye mabirika matatu, tulisubiri zaidi ya saa moja. Mwanzoni wakati wa mapumziko ya mchana wa walinzi, kisha kwa sababu mlinzi alitaka vyombo vinne vitimie kabla ya kufungua. Chuma cha sitaha kilikuwa kinaunguza nyayo. Hata hivyo tulikuwa tumekaa salama, tukigawana tikiti, hadi milango ilipofunguliwa.

Mhandisi wa Mabwawa
Mlinzi alikuwa na sababu, Bibi. Maji ya mfereji huo yanatoka kwenye milima ya Montagne Noire na yanahifadhiwa katika bwawa la Saint-Ferréol, kisha yanaletwa Naurouze, kilele cha mfereji, takriban mita 190 juu ya usawa wa bahari. Kila birika likifunguliwa, maji yanashuka na hayarudi juu. Kiangazi cha ukame, kupitisha chombo kimoja kimoja ni kuimwaga akiba. Ndiyo maana wanawakusanya. Ila kwa kufanya hivyo wanaweka vyombo vinne vya manahodha wa juma moja ndani ya yai moja, kila mmoja akiogopa kumgonga mwenzake. Naona hofu hiyo, ya kuharibu chombo cha kukodi ambacho umeweka dhamana yake, haijatajwa bado.

Mmaskati
Swali la pembeni: mimi na mke wangu tunataka kukaa majira yote ya joto huko, tutoke Ufaransa tuingie Ubelgiji na Uholanzi kwa maji. Je, viza inatosha?

Mkaazi wa Rotterdam
Kwa viza ya kawaida ya Schengen mnahesabiwa siku 90 katika kila siku 180, na nchi zote tatu zinahesabiwa kama moja. Kuvuka mpaka kwa mfereji hakuanzishi hesabu mpya.

Binti Kizimkazi
Na mkifika Ubelgiji, piteni Strépy-Thieu. Pale chombo kinaingia kwenye beseni kubwa la chuma na kuinuliwa mita 73 kwa mara moja. Lilifunguliwa mwaka 2002. Maji ndani ya beseni hayatikisiki. Nilimwona mzee mmoja na mkewe wamekaa kwenye viti vyao wakinywa kahawa huku wanapaa.

Mkaazi wa Rotterdam
Vivyo hivyo Bollène, kwenye mto Rhône. Birika lile linashusha chombo karibu mita 23, na mtu akilichungulia anaogopa, lakini nguzo za kufungia zinaelea ndani ya kuta na kupanda au kushuka pamoja na maji. Unazungusha kamba mara moja, unaishika, unangoja. Wageni wanaotetemeka kwenye birika la mita 2.5 wanatoka Bollène wakitabasamu.

Mhandisi wa Mabwawa
Basi umeniunga mkono bila kutaka! Ujenzi ukiwa mzuri, wanandoa wanapatana.

Mkaazi wa Rotterdam
Au mtu akiwa hana la kufanya, hana la kukosea. Sioni bado kwamba ni jambo moja.

Mvuvi wa Ujiji
Mwalimu, mkipanga safari nyingine ifikirieni Ujerumani ya kaskazini, mto Ems, hadi Papenburg. Ni mji wenye mifereji katikati yake, na huko ndiko MV Liemba yetu ilikoundwa mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Babu yangu alisafiri nayo. Ningependa mtu wa kwetu aione mifereji ya mji ule kwa macho yake, na kama ataweza, apite akiwa juu ya maji. Kuhusu ugomvi, sisi kwenye ziwa hatuna malango, lakini wakati wa kuingiza mtumbwi ufukweni penye mawimbi hata ndugu wa tumbo moja hutukanana. Wakishavuta mtumbwi mchangani wanakula sahani moja. Mimi sioni ajabu. Chombo kikiwa karibu na jiwe, kila mtu aliye ndani anajiona nahodha.

Dafrao
Na manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini Mvuvi, ndugu wa tumbo moja hawatarajii upole kama mke anavyoutarajia. Hapo ndipo Bibi wa Pangani alipoumia, naamini.

Bibi wa Pangani
Nitasema ukweli kwa kuwa mmeuliza kwa heshima. Neno "funga" halikuniumiza. Kilichoniuma ni kwamba baada ya mlinzi kufunga maji, watu wote walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kamba mkononi, na Mwalimu hakusema pale pale kwamba huenda nilimsikia vibaya. Alisema jioni. Jioni hapakuwa na mtu ukingoni.

Mwalimu wa Pangani
Ni kweli, na sikuijua hadi leo. Nilikuwa natazama tezi, maana mlinzi alikuwa ameniambia kwamba nyuma yetu, chini ya maji, kuna kizingiti cha lango la juu, na chombo kikikipanda wakati maji yanashuka kinaweza kupinduka. Sikuutazama uso wako.

Binti Kizimkazi
Mwalimu, je, katika majuma yale mawili mlibadilishana nafasi hata mara moja?

Mwalimu wa Pangani
Mara moja tu, siku ya mwisho, tukipanda Saint-Roch kurudi Castelnaudary. Mke wangu alishika usukani, mimi nikapanda ngazi na kamba. Mabirika mawili ya kwanza tulipita kimya. La tatu nilirusha kamba ikaanguka majini, akanipigia kelele, nami nikamjibu kwa kelele. Kwa hiyo kubadilishana hakukutuponya, ingawa nilielewa jinsi jiwe la ukingo linavyokuwa moto.

Mtoto wa Lamu
Alisema nini hasa, Mwalimu? Lilikuwa katazo?

Bibi wa Pangani
Nilisema "vuta".

Mwalimu wa Pangani
Nami nilisikia "ruka".